Kiini kimoja kimejaa, vingine vimekaa bure: kutafuta kosa kwenye upangaji wa kazi

Malalamiko ya aina hii hufanana. Mashine ina viini kumi na sita, kimoja kiko asilimia mia, vilivyobaki havina kazi, na programu inajikokota. Lawama zote huiangukia skedula, ile sehemu ya keneli (moyo wa mfumo wa uendeshaji) inayoamua kazi ipi iende kwenye kiini kipi cha prosesa. Niseme mapema ninachokiamini: mara nyingi skedula haikukosea. Ilichagua vizuri ndani ya mipaka iliyowekewa na mtu, programu au kontena (boksi la kuendeshea programu ikiwa imetengwa na nyingine), na mipaka hiyo haionekani kwenye `top`, amri ya kuonyesha kazi zinazoendelea. Kwa hiyo tutaanza kuikagua mipaka. Skedula yenyewe tutaigusa mwisho kabisa.

Amri zote hapa ni za Linux. Palipoandikwa 4312, weka namba ya mchakato wako.

Skedula huchagua lini

Kazi hutafutiwa kiini katika nyakati tatu: inapozaliwa, inapopakia programu mpya, na inapoamka. Huo wa tatu ndio unaojirudia kuliko yote, kwa sababu kazi nyingi hulala kila zinaposubiri diski, mtandao au kufuli (kizuizi kinachoruhusu kazi moja tu kwa wakati mmoja), na kila zinapoamka uamuzi hufanywa upya.

Kazi ikiamka, skedula hupima pande mbili. Upande mmoja ni kiini ilikokimbilia mara ya mwisho, ambako huenda data yake bado imo kwenye kache, kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini. Upande wa pili ni kiini cha kazi iliyoiamsha, ambayo huenda ndiyo imetoka kuandika data inayohitajika. Ikishaamua upande, hutafuta kiini kisicho na kazi miongoni mwa vile vinavyotumia kache moja ya ngazi ya mwisho. Haipekui mashine nzima, kwa kuwa kupekua nako kunakula muda, na kazi zinaweza kuamka maelfu ya mara kwa sekunde. Hili lishike vizuri, maana linaeleza mengi: kiini kitupu kinaweza kuwepo upande wa pili wa mashine, na kazi inayoamka isipelekwe huko.

Kinachorekebisha hali hiyo ni usawazishaji wa mzigo. Kiini kinachoishiwa kazi hujaribu kuvuta kazi kutoka foleni za wenzake kabla hakijapumzika, na mara kwa mara keneli hupima foleni zote na kuhamisha kinachohamishika. Usawazishaji huu huenda kwa ngazi: kwanza kati ya viini pacha (viwili vinavyogawana kiini kimoja cha kweli), halafu kati ya viini vya kache moja, mwisho kati ya sehemu za mashine zenye kumbukumbu zake tofauti. Kadiri ngazi inavyopanda ndivyo unavyofanyika kwa nadra, na ndivyo tofauti ya mzigo inavyotakiwa kuwa kubwa kabla ya hatua kuchukuliwa. Kazi iliyokuwa inakimbia ndani ya mikrosekunde 500 zilizopita huhesabiwa kuwa data yake bado imo kwenye kache, na skedula husita kuihamisha.

Pengine umesikia kwamba mwaka 2023 keneli 6.6 iliingia na EEVDF, kanuni mpya ya upangaji, badala ya CFS iliyokuwepo tangu 2007. Badiliko hilo liligusa hasa swali la nani anafuata kwenye foleni ya kiini. Swali la kiini kipi kichaguliwe lilibaki likijibiwa kwa namna ileile, kwa hiyo usitegemee tatizo la aina hii litoweke kwa kupandisha keneli tu.

Kabla ya dalili yoyote: inasubiri au imelala?

Kazi inayochelewa ina hali tatu tu. Inakimbia lakini polepole, iko tayari ila haijapata kiini, au imelala ikisubiri kitu kingine kabisa. Skedula inahusika moja kwa moja na hali ya pili, na kwa sehemu hali ya kwanza. Ya tatu haiihusu. Kipimo chake ni cha mstari mmoja:

`cat /proc/4312/schedstat`
`18420331907 9211045522 40213`

Namba ya kwanza ni muda kazi iliokaa juu ya kiini. Ya pili ni muda iliokaa kwenye foleni, ikiwa tayari kukimbia na haina pa kukimbilia. Zote mbili ni nanosekunde. Ya tatu ni idadi ya zamu ilizopata. Hapo juu kazi imekimbia sekunde 18.4 na kupanga foleni sekunde 9.2, maana yake theluthi moja ya muda iliokuwa tayari imeishia kwenye kusubiri. Hiyo ni kesi ya kufuatilia. Ikiwa namba ya pili haisogei huku watumiaji wanalalamika, acha kuhangaika na viini na uende ukaangalie diski, hifadhidata au kufuli za programu.

Mambo mawili ya kuwa nayo makini. Hesabu hizo huanza tangu kazi kuzaliwa, kwa hiyo soma mara mbili kwa kupishana sekunde kumi na uchukue tofauti. Na faili hilo ni la uzi mkuu peke yake; uzi ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya mchakato. Nyuzi nyingine zina mafaili yake ndani ya `/proc/4312/task/`, na mara nyingi uzi unaoteseka si ule mkuu.

Kiini kimoja kimejaa, vingine vimekaa bure

Anza kwa kuorodhesha nyuzi:

`ps -L -o tid,psr,pcpu,stat,comm -p 4312`

Safu ya `psr` inaonyesha kiini ambacho uzi umekimbilia mara ya mwisho. Ukikuta uzi mmoja umekaribia asilimia 100 na nyingine ziko kwenye hali `S` (zimelala), kazi haijagawanywa. Uzi mmoja hauwezi kukimbia kwenye viini viwili kwa wakati mmoja, na hakuna mpangilio wa skedula utakaobadilisha hilo. Hali hiyohiyo hutokea nyuzi zikiwa nyingi lakini zote zinagombea kufuli moja, kama ilivyo kawaida kwa programu za Python zenye kufuli kuu la mkalimani. Dawa iko ndani ya programu.

Ukikuta nyuzi kadhaa ziko `R` (zinakimbia au ziko tayari kukimbia) na zote zina `psr` ileile, basi angalia ruhusa:

`grep Cpus_allowed_list /proc/4312/status`

Ikijibu `0` pekee kwenye mashine ya viini kumi na sita, umeshaliona tatizo. Kinachobaki ni kumjua aliyeiweka. Orodha ya viini vinavyoruhusiwa hurithiwa: mchakato hupokea ya mzazi wake na kwenda nayo hata unapopakia programu nyingine. Ndiyo maana `taskset` (amri ya kufunga kazi kwenye viini fulani) iliyoandikwa kwenye skripti ya kuwashia huduma inaweza kuibana programu iliyo vizazi vitatu chini yake. Kagua skripti, kagua mstari wa `CPUAffinity` kwenye faili la huduma la systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma), na kumbuka kwamba baadhi ya maktaba za hesabu hujifunga zenyewe kwenye viini bila kukuuliza.

Kufungua ni rahisi: `taskset -a -cp 0-15 4312`. Hiyo `-a` isisahaulike. Bila hiyo unafungua uzi mmoja tu, nyingine zinabaki zimefungwa, na unaondoka ukidhani umejaribu na haikusaidia. Ikiwa orodha inakataa kupanuka, mchakato umo ndani ya kundi (cgroup, yaani michakato inayowekewa mipaka kwa pamoja) lenye mpaka wake. Soma `cpuset.cpus.effective` ya kundi hilo, kwa kuwa mpaka wa kundi una nguvu kuliko ombi la mchakato.

Chanzo cha tatu ndicho kinachowapotosha hata wazoefu. Mtu ameweka `isolcpus=4-7` kwenye amri za kuwashia keneli ili atenge viini vinne kwa ajili ya programu yake nzito, kisha anaianzisha kwa `taskset -c 4-7`. Anategemea nyuzi zienee kwenye viini vyote vinne. Zinarundikana kwenye kimoja. Orodha ya ruhusa inasoma `4-7` sawasawa, viini 5, 6 na 7 viko tupu, na nyuzi nane zinapokezana kiini cha 4. Inafanana kabisa na kosa la skedula, lakini sivyo: `isolcpus` huviondoa viini hivyo kwenye usawazishaji wa mzigo. Hakuna anayepima foleni zake, wala hakuna anayevuta kazi kutoka kwa jirani. Mtengaji ameomba skedula ikae mbali, nayo imekaa mbali. Hapo una njia mbili: ufunge kila uzi kwenye kiini chake mwenyewe, au uache `isolcpus` na utumie makundi ya cpuset (makundi yaliyopewa orodha yake ya viini), ambayo yanaweza kutenga viini na bado yakaendelea kusawazisha ndani ya sehemu iliyotengwa. Mimi ningechagua ya pili isipokuwa kama una nyuzi chache unazozijua moja moja.

Ikiwa kiini kilichojaa hakina kazi yoyote ya mtumiaji juu yake, endesha `mpstat -P ALL 1` na uangalie safu za `%irq` na `%soft`. Kadi ya mtandao inayopeleka mikatizo yake yote (ishara za kuitisha prosesa) kwenye kiini kimoja itakimeza kiini hicho, na `ksoftirqd` ya namba hiyo, kibarua cha keneli kinachomalizia kazi za mikatizo, itaonekana juu kwenye orodha. `/proc/interrupts` itakuthibitishia. Gawa mikatizo kwenye viini vingine, na usifunge kazi yako kwenye kiini hicho.

Wastani wa mzigo uko juu, prosesa imetulia

Hii ni fupi. Kwenye Linux wastani wa mzigo hauhesabu kazi zinazokimbia na zilizo foleni tu. Unahesabu pia zile zilizolala usingizi usiokatizika, hali ya `D`, ambazo kwa kawaida zinasubiri diski au hifadhi ya mtandao. Mzigo wa 40 kwenye viini nane, huku `vmstat 1` ikionyesha `r` ya 1 na `b` ya 38, ni habari ya diski. Kuongeza viini hakutasaidia kitu.

Inakimbia, inasimama, inakimbia tena

Programu imo ndani ya kontena. Wastani wa matumizi ya prosesa ni mdogo, mashine ina nafasi tele, lakini baadhi ya maombi yanachelewa karibu sehemu ya kumi ya sekunde, tena bila mpangilio unaoeleweka. Kabla ya kitu kingine chochote, soma faili mbili za kundi la kontena hilo:

`cat cpu.max`
`200000 100000`

`cat cpu.stat`

Ya kwanza inasema: katika kila mikrosekunde 100000, kundi hili linaruhusiwa kutumia mikrosekunde 200000 za prosesa, kwa lugha nyepesi viini viwili. Kosa la wengi ni kuelewa kwamba skedula italiweka kundi kwenye viini viwili. Haifanyi hivyo. Mgao ni wa muda, hauhusu mahali. Nyuzi zinaruhusiwa kuenea kwenye viini vyote vya mashine, na skedula itazieneza, kwa sababu ndiyo kazi yake.

Sasa fanya hesabu. Programu imeangalia mashine, ikaona viini kumi na sita, ikaanzisha nyuzi kumi na sita. Zote zinapata kazi kwa pamoja. Milisekunde 200 za mgao zikigawanywa kwa nyuzi kumi na sita zinakwisha ndani ya milisekunde 12.5. Milisekunde 87.5 zinazobaki katika kipindi hicho kundi zima limesimamishwa, hata kama viini vyote kumi na sita viko tupu. Ombi lililoingia wakati huo linasubiri. Ukipima wastani wa dakika nzima huoni chochote cha ajabu. Unachoona ni `nr_throttled` na `throttled_usec` (idadi ya mara na muda ambao kundi limesimamishwa) ndani ya `cpu.stat` zikipanda kila unaposoma.

Dawa nzuri kuliko zote ni kupunguza nyuzi zilingane na mgao: viini viwili, nyuzi mbili au zaidi kidogo. Usitegemee `nproc` ikupe jibu hilo, kwa kuwa matoleo yake ya zamani huheshimu orodha ya viini vinavyoruhusiwa tu, na mgao wa muda haumo kwenye orodha hiyo. Kuongeza mgao pia kunafaa ukiwa na nafasi. Na ikiwa kuchelewa ni jambo usiloweza kulivumilia kabisa, lipe kundi viini vyake kupitia cpuset, uondoe mgao wa muda. Hapo programu inaona viini viwili, inaanzisha nyuzi mbili, na hakuna wa kuisimamisha.

Kazi ileile, kasi tofauti

Foleni ni ndogo, ruhusa ni pana, lakini kazi inayomaliza kwa dakika mbili leo inachukua tatu kesho. Hapa kazi inapata kiini, ila viini havilingani. Kuna vyanzo vinne ambavyo ningevikagua kwa mpangilio huu.

Kwanza, viini pacha. Prosesa nyingi hufanya kiini kimoja cha kweli kionekane kama viwili. Soma `/sys/devices/system/cpu/cpu0/topology/thread_siblings_list`. Ikijibu `0,8`, basi 0 na 8 vinagawana mashine moja ya hesabu. Skedula hujitahidi kwanza kutafuta kiini ambacho pacha zote mbili ziko tupu, lakini mashine ikijaa zaidi ya nusu, pacha lazima zikutane na kila moja inapungua kasi. Kosa baya ni la mtu anayefunga kazi mbili nzito kwenye 0 na 8 akidhani ametenganisha.

Pili, viini vikubwa na vidogo. Simu nyingi ziko hivi, na kompyuta nyingi za miaka ya karibuni pia. Kwenye vifaa vya ARM, `/sys/devices/system/cpu/cpu*/cpu_capacity` inaonyesha uwezo wa kila kimoja, kikubwa kabisa kikiwa 1024. Upangaji unaozingatia nishati, ulioingia keneli 5.0 mwaka 2019, huipeleka kazi ndogo pale itakapokula umeme kidogo, na huhesabu kwamba kazi inatosha kwenye kiini ikiwa haizidi takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Tatizo linakuja kwa kazi inayolala muda mrefu kisha inahitaji nguvu nyingi ghafla. Historia yake inasema ni ndogo, kwa hiyo inaamkia kwenye kiini kidogo na inachelewa mpaka makadirio yapande. Kwa kazi kama hiyo kuna `uclamp`, inayoiambia skedula iichukulie kazi kuwa kubwa kuliko inavyoonekana. Na kama ni programu ya Android iliyo polepole ikiwa nyuma ya nyingine tu, usitafute mbali: mfumo huziweka programu za nyuma kwenye kundi lenye viini vichache, kwa kawaida vile vidogo, na umefanya hivyo kwa makusudi ili betri idumu.

Tatu, kumbukumbu iliyo mbali. Seva yenye soketi mbili ina kumbukumbu mbili, na kusoma ile ya upande wa pili kunachukua muda zaidi. `numastat -p 4312` itaonyesha kurasa zako ziko wapi. Zikiwa karibu zote upande wa 0 na nyuzi zinakimbilia upande wa 1, umepata jibu. Keneli inaweza kuhamisha kurasa au kazi yenyewe ikiwa `/proc/sys/kernel/numa_balancing` imewashwa, lakini inachukua muda kujifunza, na kazi fupi huisha kabla haijafika mbali. Kwa hizo, anzisha programu kwa `numactl --cpunodebind=0 --membind=0`.

Nne, mashine pepe. Safu ya `st` kwenye `vmstat` ni muda ambao mfumo wako ulitaka kukimbia na mwenyeji akawapa wengine. Ikiwa haiko karibu na sifuri, skedula ya ndani haina la kufanya, kwa kuwa mara nyingi hata haijui kwamba kiini ilichokichagua hakipo juu ya prosesa kwa wakati huo. Ongea na anayekukodisha mashine.

Nimeshusha nice, hakuna kilichobadilika

Kipaumbele cha `nice` ni uzito ndani ya foleni. Kazi ya nice 0 ina uzito 1024, ya nice 19 ina 15, kwa hiyo zikikutana kwenye kiini kimoja ya pili hupata chini ya asilimia mbili. Lakini uzito huo unalinganishwa ndani ya kundi moja tu. Kwenye mashine nyingi za mezani kila kipindi cha terminali kinawekwa kwenye kundi lake moja kwa moja, utaratibu uliokuja na keneli 2.6.38 mwaka 2011. Ukijenga programu kubwa kwa nice 19 kwenye dirisha moja na kuendesha hesabu kwenye jingine, makundi hayo mawili bado yanagawana nusu kwa nusu. Zima `kernel.sched_autogroup_enabled`, au badilisha `cpu.weight` ya kundi lenyewe.

Ikiwa kazi za kawaida zinakwama kabisa kwenye kiini kimoja, endesha `chrt -p` kwa zile unazozishuku. Kazi ya `SCHED_FIFO` (daraja linalotangulia kazi zote za kawaida) isiyolala hula kiini chake mpaka keneli iizuie, na kwa kawaida inaruhusiwa milisekunde 950 kati ya kila 1000. Vibarua vya keneli vilivyofungwa kwenye kiini hicho haviwezi kuhama, hivyo navyo vinakwama, na dalili zinaanza kuonekana kwenye diski na mtandao, mbali kabisa na chanzo.

Inahamahama mno

`perf stat -e context-switches,cpu-migrations -p 4312 sleep 10`

Kuhama mara kadhaa kwa sekunde si ugonjwa. Zikiwa maelfu, mara nyingi ni nyuzi mbili zinazoamshana kwa ujumbe mfupi mfupi, kila moja ikivutwa kwa mwenzake kisha kusukumwa na usawazishaji. Kukusanya ujumbe na kuutuma kwa mafungu kunasaidia kuliko kufunga nyuzi kwenye viini. Kufunga nakuona kama dawa kali: inafaa mashine ikiwa na kazi moja inayojulikana, na inaumiza siku kazi ya pili inapoongezwa, kwa sababu uzi uliofungwa hautaondoka hata kama kiini chake kimevamiwa.

Yote yamekaguliwa na bado

Sasa irekodi skedula ikiwa kazini:

`perf sched record -- sleep 5`
`perf sched timehist -MVw`

Kila mstari ni zamu moja: kazi ilisubiri muda gani, ilichelewa muda gani tangu kuamka mpaka kupata kiini, ilikimbia muda gani. `-w` huonyesha nani alimwamsha nani, `-M` huonyesha kuhama. Tafuta ucheleweshaji wa milisekunde kadhaa, kisha angalia viini vingine vilikuwa vinafanya nini wakati huohuo kwenye rekodi. Ikiwa kimoja kilikuwa tupu kwa muda wote huo, na kazi ilikuwa na ruhusa ya kwenda huko, na mgao haujaisha, basi umelikamata kosa halisi la skedula. Yapo: mwaka 2016 watafiti walionyesha hali kadhaa ambapo Linux iliacha viini vitupu huku kazi zikipanga foleni kwingine. Hifadhi rekodi hiyo pamoja na jibu la `uname -r` na `lscpu -e`, uandike hatua fupi za kulirudisha tatizo, na uwapelekee wanaotunza skedula ya keneli.